Haki ya Kuegesha Huanzia Langoni

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayetembea kwa miguu yake hatambui urefu wa hatua 50 za mchanga wa Garissa kwa mtu aliye katika kiti cha magurudumu, jua likiwa la utosini. Katika mtaa kama Waberi, gari la jirani au lundo la mawe ya ujenzi likiziba lango la mtu huyo, safari yake imekwisha kabla ya kuanza.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali na kutumia usafiri wa umma. Haki hiyo tumezoea kuitafuta kwenye milango ya ofisi na shule. Je, mlango mpana wa darasa utamfaa nini mwanafunzi asiyeweza kuifikia bajaji iliyokuja kumchukua?

Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo limezikabidhi serikali za kaunti barabara zao na maegesho. Basi hapana haja ya kuingojea Nairobi. Mkazi aombe, afisa akague, nafasi itengwe. Na kwa kuwa rangi haikai mchangani, alama isimikwe juu ya nguzo. Nafasi hiyo isiwe ya wenye magari pekee, bali pia ya bajaji inayomshusha asiye na gari.

Wapo watakaouliza kwa nini barabara ya wote itengewe mmoja. Barabara isiyomfikisha mmoja wetu nyumbani kwake bado haijawa ya wote.