Safari ya Karagwe na Kyerwa: Amana Iliyo Karibu Nasi

Watu wengi wa miji yetu, wapatapo siku chache za mapumziko, hutazama mbali. Mwenye uwezo kidogo hutamani Serengeti, na mwenye uwezo zaidi hutamani Dubai. Na wengi waliozaliwa Bukoba wamekuwa watu wazima, wakaoa na kuolewa, hali hawajapata kuyaona mabonde ya juu ya Mto Kagera, ambao ndio ulioupa mkoa wao jina. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao, wala sioni haya kukiri. Na katika Kurani Tukufu Mwenyezi Mungu ametuhimiza zaidi ya mara moja tutembee katika nchi, tutazame namna Alivyoanzisha viumbe, na namna ulivyokuwa mwisho wa waliotutangulia. Agizo hilo halikumtaka mtu aanze na nchi za mbali.

Basi katika kiangazi kilichopita niliazimu kuwachukua watu wa nyumbani mwangu twende Karagwe na Kyerwa kwa siku tatu. Tulikuwa watu watano: mama yangu mzazi, ambaye amepita miaka sabini na magoti yanamsumbua; mke wangu; kijana wangu wa miaka kumi na saba; na binti yetu mdogo. Kijana hakupendezwa. Alisema, "Baba, huko kuna nini zaidi ya migomba? Migomba tunayo nyuma ya nyumba." Ama mama, yeye alikubali kwa sababu moja tu: alikuwa amesikia habari za chemchemi ya maji moto ya Mtagata, na moyoni mwake alitumaini kwamba magoti yake yangepata nafuu.

Tuliondoka Bukoba baada ya sala ya alfajiri. Tulipofika Kyaka, mama alituomba tusimame kidogo karibu na daraja. Akawaonyesha wajukuu mahali ambapo majeshi ya Idi Amin yalilivunja daraja mwaka 1978, akawasimulia jinsi watu walivyokimbia na watoto mgongoni. Kijana, ambaye habari hizo alizisoma shuleni kwa ajili ya mtihani tu, alinyamaza kimya. Kutoka hapo barabara ya lami yapanda milima hadi Bugene na Kayanga, makao makuu ya Wilaya ya Karagwe. Wilaya ya Kyerwa ilitengwa na Karagwe mwaka 2012, nayo iko upande wa kaskazini, ikipakana na Rwanda na Uganda.

Hapa niwakumbushe wasafiri jambo moja. Kutoka Bukoba hadi Kayanga ni zaidi ya kilomita mia. Masafa hayo yapita marhala mbili, ambazo wanazuoni wa madhehebu ya Shafi wamezikadiria kuwa kilomita themanini na kitu. Kwa hiyo msafiri ana ruhusa ya kupunguza sala za rakaa nne na kukusanya sala. Na kibla huko ni upande wa kaskazini, ukielekea kidogo mashariki. Jamaa wanaochelea kutembea kwa sababu ya sala hawana udhuru. Chukueni mkeka, birika na maji, na ardhi yote ni mahali pa kusujudia.

Siku ya kwanza tulikwenda Bweranyange, mahali palipokuwa makao ya wafalme wa Karagwe, wa ukoo wa Wahinda. Ni nchi ya vilima virefu na ziwa dogo chini yake, nayo yapendeza macho. Hapo ndipo Mukama Rumanyika alipowapokea Waingereza Speke na Grant mwishoni mwa mwaka 1861. Speke alipoendelea na safari kwenda Buganda mwanzoni mwa mwaka uliofuata, Grant alikuwa na ugonjwa wa mguu hata asiweze kutembea, akabaki miezi kadhaa chini ya ulinzi na ukarimu wa mfalme huyo. Wageni wote waliomwandika Rumanyika wamemsifu kwa upole na kwa kupenda kujua habari za dunia. Katika hazina yake mlikuwamo ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa chuma, wenye pembe ndefu, kazi ya wahunzi wa nchi hiyo. Kijana wangu aliposikia hayo aliuliza, "Chuma hicho walikitoa wapi?" Nikamwambia kwamba watu wa mkoa huu walikuwa wakiyeyusha chuma tangu zama za kale, kabla ya Mzungu yeyote kufika. Nikaona kwamba swali lake la migomba limekwisha.

Karibu na makao hayo palikuwa na kijiji kiitwacho Kafuro, na habari zake zatuhusu sisi Waislamu. Kafuro kilikuwa kituo cha wafanyabiashara waliotoka pwani na Tabora katika karne ya kumi na tisa. Musa Mzuri, tajiri wa Kihindi wa Tabora, alimsaidia Rumanyika kuupata ufalme alipogombana na ndugu yake Rogero. Na Stanley alipopita mwaka 1876 alimkuta Kafuro tajiri aitwaye Hamed bin Ibrahim, akiishi kwa raha katika nyumba nzuri. Watu hao walisali katika milima hii wakati ambapo wazee wa wazee wetu walikuwa hawajaisikia adhana.

Lakini yatupasa kusema kweli hata ikiwa dhidi ya nafsi zetu. Walichokifuata huko ni pembe za ndovu, na biashara ya pembe katika zama hizo ilikwenda pamoja na biashara ya watumwa. Walileta nguo, shanga na nyaya za shaba, wakaondoka na mali. Leo mpita njia asiyesimuliwa hawezi kujua kwamba Kafuro ilikuwa mji wa matajiri. Nilimwambia kijana: "Huu ndio mwisho wa waliotutangulia ambao tumeagizwa tuutazame. Waliochukua bila kutunza, mali yao imekwenda, na ndovu wamepungua."

Siku ya pili tulishika njia ya Omurushaka kwenda Nkwenda na Murongo, hata tukafika Hifadhi ya Taifa ya Ibanda-Kyerwa. Hifadhi hii, pamoja na jirani yake Rumanyika-Karagwe na ile kubwa ya Burigi-Chato, ilipandishwa daraja kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Kabla ya hapo yalikuwa mapori ya akiba. Ibanda-Kyerwa ina eneo la kilomita za mraba karibu 300, na Rumanyika-Karagwe karibu 250. Ni ndogo ukizilinganisha na Serengeti, lakini uzuri wake ni wa namna nyingine. Mto Kagera waja kutoka kusini, Rwanda ikiwa ng'ambo. Kisha wapinda kuelekea mashariki, na ng'ambo yake yawa Uganda. Mahali hapo nchi tatu zakutana, wala hakuna ukuta ila maji.

Tuliona swala pala, kuro, nyamera na ngiri, na nyani wengi. Kando ya mto viboko walikuwa wamelala kama magogo, na binti yetu alihesabu kumi na mmoja kabla ya mmoja wao kupiga miayo na kumtia hofu. Tulikuwa na askari wa hifadhi, kijana mwenye adabu, aliyemwita mama yangu "Bibi" na kumpa mkono kila aliposhuka garini. Kijana wangu alimwuliza, "Faru wako wapi? Tumesoma kwamba Speke aliwaona Karagwe." Akajibu, "Mdogo wangu, hapa hawapo tena."

Kweli ndivyo ilivyo. Mwaka 1861 Speke aliwapiga faru risasi karibu na makao ya mfalme, akampelekea vichwa vyao kama zawadi. Waliofuata waliendelea hivyo hivyo. Kisha mwaka 1994 maelfu ya watu waliokimbia mauaji ya Rwanda waliingia Karagwe na Ngara; walihitaji kuni na chakula, na mapori yakaumia sana. Na baada yao yakaja makundi makubwa ya ng'ombe na majangili. Hatuwalaumu wakimbizi, kwani aliyeponea chupuchupu hana budi kupika. Lakini tazameni ng'ambo ya mto, katika Hifadhi ya Akagera ya Rwanda. Huko nako simba na faru walikwisha. Ili kuwarudisha, simba waliletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 2015, faru weusi mwaka 2017, na faru weupe 30 mwaka 2021, wakisafirishwa kwa ndege kwa gharama kubwa. Alichokiumba Mwenyezi Mungu kikatembea bure mbele ya milango yetu, binadamu akikipoteza hukinunua kwa dhahabu.

Wako wasemao kwamba kutenga ardhi kwa ajili ya wanyama na miti ni desturi ya Wazungu. Hilo si kweli. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliufanya mji wa Madina kuwa mahali patakatifu, akakataza miti yake isikatwe na wanyama wake wasiwindwe. Na Waarabu walijua desturi ya hima, yaani malisho yaliyotengwa na kulindwa. Sayyidna Umar, Mungu awe radhi naye, alipomweka Hunayy kuwa mlinzi wa hima, alimwusia aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Akamwambia amruhusu mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache aingie, lakini ajihadhari na mifugo ya matajiri, kwa kuwa tajiri mifugo yake ikifa anayo mashamba ya kurudia, na maskini akifilisika atakuja na watoto wake kulia mlangoni.

Maneno hayo yana hekima mbili kwa watu wa Karagwe na Kyerwa. Ya kwanza, ardhi iliyotengwa ina sheria, na mwenye ng'ombe mia tano ambaye huwaingiza hifadhini usiku akitegemea fedha zake anakula haki ya umma. Ya pili, mlinzi naye, na serikali iliyo nyuma yake, wasimsahau mtu mdogo akaaye mpakani, ambaye viboko hula shamba lake na ambaye kiangazi humkaushia kisima. Jirani akiona faida ya hifadhi atailinda yeye mwenyewe.

Siku ya tatu tulimpeleka mama Mtagata, wilayani Kyerwa. Maji hutoka chini ya mwamba, katika bonde lenye miti mikubwa, yakiwa moto hata mvuke unaonekana asubuhi. Stanley aliyapima mwaka 1876, akaona penye moto zaidi pafika nyuzi 54 za Selsiasi. Kwa hiyo wazazi washikeni watoto mkono, maana maji ya namna hiyo huunguza. Yeye aliwakuta wagonjwa waliotoka nchi mbalimbali wakioga, akaoga na kunywa mengi, lakini akaandika kwamba kwake hakuona faida ila usafi wa mwili.

Njiani tulikutana na mtu aliyejitolea kutuongoza. Alipoona mama anavyochechemea, alimwambia, "Bibi, tupa sarafu majini kwanza, umwombe mwenye chemchemi, ndipo utapona." Nilifungua kinywa nimjibu kwa ukali, lakini mama alinitangulia. Alisema kwa upole, "Mwanangu, mwenye chemchemi ni Yule aliyeumba mwamba uliotoa maji. Yeye haombwi kwa sarafu. Fedha hii nitakupa wewe, kwa sababu umenishika mkono kwenye utelezi." Akampa. Yule mtu akapokea kwa haya, naye hakusema tena habari ya kutupa kitu majini.

Mama akaketi juu ya jiwe mahali maji yalipokwisha kupoa, akatumbukiza miguu, akasema Bismillahi. Alikaa hapo karibu saa nzima, akisoma nyuradi zake. Alipoinuka alisema amepata raha. Nilipomwuliza kama magoti yamepona, alicheka. "Raha si kupona. Joto limenipa raha, na hilo ni neema. Jumatatu utanipeleka hospitali kama ulivyoahidi." Maana Mtume wetu ametuamrisha tutafute dawa, na kutawakali ni kufunga ngamia kwanza.

Basi ndugu wasomaji, nawapa nasaha chache. Nendeni katika miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, kwani mvua ikinyesha njia za hifadhini huwa tope. Ulizeni mapema kwa Shirika la Hifadhi za Taifa habari za viingilio na za gari lifaalo. Chukueni chakula chenu kilicho halali. Ndizi na maharage vyapatikana kila mahali. Msiache hata karatasi moja mlipokaa. Na kabla ya yote, wasimulieni watoto habari za mahali mnapokwenda, kwani jicho lisiloambiwa kitu huona migomba tu.

Tulipokuwa tukirudi, jua likizama nyuma ya vilima, kijana wangu aliniuliza kazi ya uaskari wa hifadhi husomewa wapi. Sikumjibu kwa haraka, maana nilikuwa nimekwisha kumpangia moyoni kazi nyingine. Lakini bibi yake, aliyedhaniwa kuwa amelala kiti cha nyuma, alisema, "Mwambie, baba yake. Amana lazima ipate mlinzi."

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaotunza walichopewa. Amin.