Nguo za Kushukia Kasanga

Je, wajua kwamba nguo iliyokustarehesha Sumbawanga saa moja asubuhi inaweza kukutesa Kasanga saa saba mchana wa siku hiyohiyo? Kati ya sehemu hizi mbili pana kilomita 110 hivi tu, kupitia Matai. Ila barabara ile ni ya kushuka. Sumbawanga iko juu ya uwanda wa Ufipa, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika, ambalo Kasanga iko ufukweni mwake, liko mita 770 na ushei. Hewa huongezeka joto kwa nyuzi 6 hivi kila unaposhuka mita 1,000. Nyuzi sita peke yake mtu angezivumilia. Kinachomlegeza msafiri ni fukuto, lile joto lenye unyevunyevu linalokupokea mlango wa gari ukifunguliwa.

Ndiyo maana kila mara jamaa zangu wanapotaka kushuka, wengine kuona maporomoko ya Kalambo yanayoanguka zaidi ya mita 200 mpakani na Zambia, wengine kutazama mabaki ya boma la Wajerumani, ambao walipaita Kasanga Bismarckburg, huwa naomba nione begi kwanza. Karibu kila begi lina suruali mbili za jinzi, jezi za mpira na fulana ya kubana. Nazitoa. Mahali pake naweka khanga.

Tuanze na mwili. Ngozi ya binadamu ina vinyweleo vya jasho kati ya milioni mbili na nne. Jasho lenyewe halipozi kitu; kinachopoza ni kukauka kwake. Lita moja ya jasho ikigeuka mvuke juu ya ngozi huondoka na joto la kilokalori 580 hivi, karibu sawa na nishati iliyomo kwenye gramu 160 za unga wa mahindi. Lakini jasho linalodondoka chini kutoka kidevuni limepotea bure: maji yametoka mwilini, joto limebaki. Hapo ndipo unyevunyevu unapoleta taabu. Hewa iliyokwisha kujaa mvuke haipokei mwingine upesi, na jasho linabaki limekaa.

Ukitaka kujua siku yako itakuwaje pale Kasanga, watazame wanaoanika dagaa ufukweni. Kuna siku dagaa walioanikwa asubuhi wanakuwa wakavu ifikapo alasiri, wanachakacha ukiwakusanya. Kuna siku nyingine, hasa karibu na mvua, wanabaki laini na wanaanza kunuka mapema, na wenye mali wanawageuzageuza huku wakitazama mawingu. Ngozi yako inafuata kanuni ileile. Siku ambayo dagaa hawakauki, na wewe hukauki.

Sasa nguo inaingiaje? Unyuzi mmoja wa pamba ni seli moja tu iliyoota kwenye ganda la mbegu, ndefu kiasi cha milimita 25 hadi 30 na nyembamba kuliko unywele wa kichwani. Inapokua huwa kama mrija. Pamba ikikomaa na kukauka, mrija unabonyea na kujisokota. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za unyuzi huo ni selulosi, na selulosi inapenda maji. Pamba unayoiona kavu kabatini kwa kweli imebeba unyevu wa asilimia 8 hivi ya uzito wake. Poliesta, ambayo hutengenezwa kwa mafuta ya petroli, hubeba chini ya asilimia moja.

Jambo hili unaweza kulijaribu mezani. Mimi nilitandika vipande vitatu: khanga iliyofuliwa mara nyingi, khanga mpya ya dukani, na fulana ya poliesta ya mtumba. Nikadondosha tone la maji kwenye kila kimoja. Kwenye khanga ya zamani tone halikukaa hata kidogo. Lilizama na kutanuka likawa doa pana kama kifuniko cha chupa. Doa pana ni eneo kubwa la kukaukia, na hiyo ndiyo kazi tunayoitaka mgongoni. Kwenye fulana, tone lilisimama kama shanga, likateleza nilipoinamisha kitambaa. Khanga mpya ilinishangaza: nayo ilikataa maji kwa muda, kwa sababu ya wanga wa kiwandani unaoifanya ikakamae. Kwa hiyo usiinunue leo ukashuka nayo kesho. Ifue kwanza, mara mbili ikiwezekana.

Haki itendeke kwa poliesta. Zipo jezi za michezo zilizofumwa kwa ustadi ili zisambaze jasho, na zikilowa hukauka mapema kuliko pamba. Lakini zina deni la harufu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walichunguza fulana za watu waliotoka kufanya mazoezi, wakakuta zile za poliesta zinanuka vibaya zaidi kuliko za pamba, maana bakteria fulani wa harufu hustawi humo. Kwenye gari lililojaa, likipanda mlima kurudi Matai, tofauti hiyo si ndogo.

Udhaifu wa pamba nao upo: ikilowa chapa inakuwa nzito, inang'ang'ania ngozi na inachelewa kukauka. Jinzi ni pamba pia, lakini ni pamba nene iliyoshindiliwa. Ikishalowa ziwani, kesho yake unaivaa mbichi. Khanga ni nyembamba na haikushonwa. Kipande chake, kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, kinaning'inia huru, upepo wa kutoka ziwani unapita chini yake na kutoka na mvuke. Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi kuhusu Mabedui wanaovaa majoho meusi jangwani. Joho jeusi lilinasa joto la jua zaidi ya jeupe, ila ngozi ya mvaaji haikuongezewa joto, kwa kuwa hewa ilizunguka kati ya joho na mwili. Kwa hiyo mwanamume anayeniuliza achukue shati la rangi gani, namjibu kwanza: lisikubane. Halafu msuli wa jioni, na shati moja la mikono mirefu kwa ajili ya mbu.

Pamba si ngeni Ufipa, na hili nalisema kwa fahari. Wasafiri wa karne ya 19 walioipita nchi hii waliwakuta Wafipa wakisokota pamba yao na kufuma nguo nzito iliyojulikana kama seketa, kwenye kitanda cha mfumaji kilicholazwa karibu na ardhi. Kwa baridi ya uwandani, seketa nene ilikuwa mahali pake. Baadaye ikaja merikani, kitambaa kilichopata jina lake kutoka viwanda vya Marekani, na nguo nyingine za madukani zilizokuwa nafuu, na vitanda vile vikaachwa kimoja kimoja. Naumia kwamba mtoto wa Sumbawanga leo anajua aina za jinzi na hajawahi kusikia neno seketa.

Mama mmoja muuza khanga sokoni Sumbawanga alinifundisha jambo la mwisho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unashuka?"

"Nashuka, mama. Nipatie doti moja."

"Chukua mbili. Moja ikiwa kambani, moja mwilini."

Aliniambia pia kwamba zile za poliesta tupu zinazouzwa kwa jina la khanga hutambulika ukizikunja ndani ya kiganja kwa nguvu: pamba hutoka na makunyanzi, ile nyingine hujinyoosha. Tena pamba huwa imara zaidi ikiwa imelowa kuliko ikiwa kavu, na ndiyo maana akina mama wa Kasanga wanaweza kuipiga juu ya mawe ya ziwani miaka na miaka isipasuke.

Sweta usiliache. Liweke juu kabisa ya begi, si chini, kwa sababu gari la kurudi likifika uwandani jua limeshazama, na khanga uliyojifunga, bado ina unyevu wa ziwa, itaendelea kukupoza palepale ambapo hutaki tena kupozwa.