'Mjomba, tumbo laniuma': Mtoto anapoomba msaada bila kujua anauomba

SAA kumi na mbili na nusu asubuhi, Kibokoni, Mji wa Kale. Mahamri yako mezani, mbaazi bado za moto, sare imepigwa pasi tangu jana. Mwana wa dadangu, miaka saba, Gredi ya Pili, amekaa kwenye ngazi na kiatu kimoja mguuni.

"Mjomba, tumbo laniuma."

Kazi yangu kila asubuhi ni kumfikisha langoni mwa shule kabla sijakwenda kibaruani. Kwa hivyo tumbo lile lilikuwa shida yangu pia. Wiki ya kwanza tulimpa maji ya tangawizi. Wiki ya pili dadangu alimpeleka zahanati: hana minyoo, hana homa, hana lolote. Wiki ya tatu mamangu alisema huenda ni kijicho, akamsomea. Jirani naye akatoa hukumu kutoka dirishani: "Huyo adeka tu. Mtieni viboko viwili muone kama hatapona."

Nakiri nilikuwa karibu kukubaliana na jirani. Nilikuwa nachelewa kazini kwa sababu ya tumbo lisilo na ugonjwa.

Kilichonizuia ni jambo dogo. Jumamosi tumbo haliumi. Jumamosi mtoto yule yule anakula mahamri manne, kisha anafukuza mpira vichochoroni hadi nje ya Fort Jesus. Jumapili baada ya Magharibi anaanza kunyamaza. Jumatatu tumbo limerudi.

Kama kwenu kuna mdogo wako, mpwa wako au mtoto wa jirani anayeumwa kwa ratiba kama hiyo, endelea kusoma.

Tumbo halidanganyi

Kosa letu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba kwa kuwa daktari hakuona ugonjwa, basi mtoto anasema uongo. Hasemi uongo. Kumbuka siku uliyoitwa intavyuu ya kazi, au asubuhi ya mtihani wa KCSE. Tumbo lilivurugika, viganja vikatoka jasho, ukaenda chooni mara tatu. Hakuna aliyekwambia unadeka. Mwili ukiogopa, moyo hukimbia na tumbo huvurugika. Kwa mtoto ni vivyo hivyo.

Tofauti ni kwamba wewe unaweza kusema "nina presha ya mtihani". Mtoto wa miaka saba hana maneno hayo. Anajua tumbo, anajua kichwa, anajua kulia. Wengine huanza tena kukojoa kitandani baada ya kuacha muda mrefu. Wengine huota ndoto mbaya, humganda mama, hupigana na kila mtu, au hukaa kimya hadi watu wakawasifu kwa adabu.

Zahanati ndiyo hatua ya kwanza, kwa sababu huenda kweli ni minyoo. Lakini majibu yakirudi safi na maumivu yakaendelea, swali linalofuata ni: huko anakokwenda kuna nini?

Swali lililofungua mdomo

Mimi nilikuwa nauliza kama polisi. "Nani akusumbua? Mwalimu gani? Sema!" Alikuwa anaangalia viatu vyake tu.

Siku moja wakati wa kurudi nilimnunulia mabuyu, tukawa tunatembea bila haraka. Nikauliza, "Leo umecheza na nani?"

"Sikucheza."

Sikusema kitu. Kesho yake nikauliza hivyo hivyo. Siku ya nne, mdomo umejaa mabuyu, akasema mwenyewe: "Nikisoma wanicheka. Na mwalimu acheka."

Kumbe ndiyo hiyo. Ana kigugumizi kidogo, na asubuhi darasani kila mtoto husimama akasoma kwa sauti. Neno likimkwama, darasa zima linaangua kicheko. Kwa wengine ni mzaha wa dakika moja. Kwake ni jambo analoliwaza kuanzia Jumapili jioni.

Dadangu alitaka kwenda shuleni na mtaa mzima nyuma yake. Tulimtuliza, tukaenda wawili, baada ya masomo. Mwalimu, kijana wa umri wangu hivi, ana darasa lililojaa hadi mlangoni. Alishtuka. "Mimi nilidhani twachangamsha darasa," alisema. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwa amemtazama mtoto usoni tu.

Tulikubaliana mambo matatu: mtoto asome kwanza na rafiki mmoja badala ya mbele ya wote, mwalimu asicheke, na atakayecheka azungumzwe naye, na mtoto apewe kazi ya kugawa vitabu, ili darasa limjue kwa kitu kingine mbali na kigugumizi. Hakukuwa na dawa wala shilingi iliyotumika. Ilichukua karibu muhula mzima.

Liwatoni walianza zamani

Ukidhani haya ni mambo ya wazungu, tembea hadi Liwatoni, hapa hapa kisiwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, viongozi na wazazi Waislamu wa Pwani walikuwa na wasiwasi kwamba watoto wao wanaingia shule ya msingi bila maandalizi na kuachwa nyuma. Walipeleka ombi lao kwa Aga Khan. Mwalimu wa Mombasa, Bi Swafiya Said, akapewa kazi ya kubuni chekechea itakayoheshimu dini na mila za Waswahili, na wakati huo huo imwandae mtoto kwa shule. Ya kwanza ilifunguliwa Liwatoni mwaka 1986.

Hawakungoja vifaa vya bei ghali. Walitumia vifuu vya nazi, makombe ya pwani, vizibo vya chupa, na nyimbo ambazo watoto walizijua kutoka nyumbani. Mtoto alichagua mchezo wake, na mwalimu akashuka chini kwenye mkeka kuzungumza naye. Mpango huo ulienea Zanzibar na Uganda, ukafikia zaidi ya chekechea 200. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba watoto waliopita chekechea walifanya vizuri kuliko waliobaki nyumbani, na wale wa mpango wa Madrasa walisonga mbele zaidi.

Funzo kwetu ni rahisi. Mtoto anayechezewa, anayesikilizwa na asiyeogopa kukosea ndiye anayejifunza. Utulivu wa moyo si kitu cha kungoja masomo yaishe. Unaanza pamoja na masomo.

Hesabu masaa yake

Jambo jingine tuliloligundua ni ratiba. Anaamka kabla ya saa kumi na mbili. Shule. Kisha chuo hadi jioni. Kisha kazi ya ziada ya nyumbani, na kwa wengine tuisheni juu yake. Chukua karatasi uandike siku ya mtoto wa kwenu, kisha uweke alama saa anayocheza. Sisi hatukuipata.

Kanuni za elimu ya msingi za mwaka 2015 zilisema masomo ya shule za kutwa yawe kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa na nusu alasiri. Chuo hatuwezi kukiacha, na hatutaki. Maalim wake tulipomweleza, yeye mwenyewe alisema mtoto akifika apewe robo saa ya kupumua kabla ya kufungua juzuu. Tuisheni tuliiondoa. Jioni mbili kwa wiki nampeleka Makadara au Mama Ngina akimbie tu, bila mtu kumuuliza maswali.

Na vile viboko?

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Wazee wetu wanaipenda methali hii, na ina ukweli wake: mtoto asipowekewa mipaka, mzazi atajuta. Lakini kuna kilio cha kukatazwa peremende na kuna kilio cha mtu anayezama. Anayezama hachapwi.

Na sheria iko wazi. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza adhabu ya kikatili au ya kudhalilisha, iwe ya mwili au ya kisaikolojia. Anayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa hadi miezi sita, au vyote viwili. Wengi wetu tunajua habari ya kiboko tu. Kumbe hata kumdhalilisha mtoto mbele ya wenzake kumo.

Wewe ndiye unayemshika mkono

Kwa nini nakuandikia wewe kijana badala ya mzazi? Kwa sababu katika nyumba nyingi za mji huu, wewe ndiye unayempeleka shule, unayemsubiri langoni, unayelala naye chumba kimoja. Mama yuko kazini, baba yuko safari. Mtoto akianza kuzungumza, sikio la karibu ni lako. Na baadhi yenu ndio walimu wapya darasani.

Uliza "umecheza na nani?" kabla ya "umepata ngapi?" Ukimuuliza, weka simu mfukoni. Usimwambie "mwanamume halii". Usimtanie kwa lile lile analochekewa shuleni. Mimi nilikuwa namuigiza kigugumizi, na leo naona haya. Ukisikia jambo, mweleze mzazi, kisha muone mwalimu wa darasa kwa upole kabla ya kwenda kwa mkuu wa shule.

Kama mtoto hali, halali, au anazungumza habari ya kutaka kufa, usingoje muhula uishe. Mpeleke hospitali, Port Reitz, kule Changamwe, ina kitengo cha afya ya akili. Na ukishuku anapigwa au anaguzwa vibaya, piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto.

Jumatatu iliyopita alikaa tena kwenye ngazi ile ile.

"Mjomba, tumbo laniuma."

"Lauma kiasi gani?"

Akafikiri, akaleta kidole gumba na cha shahada karibu karibu. "Hivi tu."

Nikakaa naye kidogo. Halafu akanyoosha mkono, akachukua kiatu cha pili.