Kibanda cha Muda Nacho Kina Sheria Yake

Mama mmoja muuza maziwa ya ngamia alitujia akilia. Kibanda chake kando ya barabara kilikuwa kimebomolewa alfajiri, maziwa yakamwagika. Mkononi alishika furushi la risiti. "Nimelipa kila siku. Sasa kosa langu nini?"

Shida yake ni ya wengi hapa Garissa. Tunachanganya karatasi tatu:

1. Risiti ya ushuru yaonyesha kwamba umelipa ada ya siku hiyo, basi.
2. Leseni ya biashara yakuruhusu kuuza.
3. Kibali cha ardhi ndicho kinachokuruhusu kukaa pale ulipo.

Yule mama alikuwa na mbili za kwanza tu.

Je, kibali hupatikana wapi? Inategemea ardhi ni ya nani. Kama plot ni yako lakini imepangwa kuwa ya makazi, nawe wataka kuweka duka au gereji, omba ruhusa ya kubadilisha matumizi katika ofisi ya mipango ya kaunti. Sheria ya Mipango ya mwaka 2019 inasema anayeanza ujenzi bila ruhusa aweza kutozwa faini hadi shilingi 500,000, au kufungwa hadi miezi miwili, au vyote viwili. Kama ni ardhi ya umma isiyogawiwa mtu, Sheria ya Ardhi ya 2012 yaruhusu leseni ya muda usiozidi miaka 5. Wazee wanaikumbuka kwa jina la TOL. Na kama ni ukingo wa barabara kuu ya Thika kwenda Liboi, ruhusa ni ya mamlaka ya barabara kuu, KeNHA.

Ukipeleka ombi kaunti, dai nakala yenye muhuri na tarehe. Siku 60 zikipita bila jibu la maandishi, sheria yahesabu umekubaliwa. Ukikataliwa, una siku 14 kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya usuluhishi wa mipango.

Lakini tusidanganyane: leseni ya muda haikupi umiliki. Usijenge kwa mawe mahali ulipopewa kwa muda. Weka kibanda cha kuhamishika.

Yule mama na wenzake wanne sasa wameandika ombi la pamoja, nasi tuliwasaidia kulijaza. Nawe kama umekaa kwa maneno ya mdomo tu, nenda ukaulize mapema. Siku ya kubomolewa, shahidi wako ni karatasi.