Uhalisia ulioongezwa: Somo linapoinuka juu ya dawati

KWA miaka mingi mwalimu wa baiolojia amechora moyo wa binadamu ubaoni kwa chaki, akaweka mishale ya kuonyesha damu inakotoka na inakokwenda, kisha akawataka wanafunzi wanakili. Wengi huweza kuurudia mchoro huo katika mtihani bila kuelewa kuwa moyo ni kitu chenye mbele na nyuma, na ambacho hakitulii.

Teknolojia iitwayo uhalisia ulioongezwa inalenga kuziba pengo hilo. Mwanafunzi huelekeza kamera ya simu au kishikwambi kwenye ukurasa wa kitabu, na katika kioo huuona moyo umeinuka juu ya ukurasa, unadunda. Akizunguka meza huuona upande wa pili. Akisogea karibu huona vyumba vinne na vali zinazofunguka na kujifunga.

Jambo hilo linapendeza, na hakuna anayebisha. Swali ambalo wazazi, walimu na wenye shule hawana budi kujiuliza ni kama linafundisha, na katika masomo gani.

Si uhalisia pepe

Wapo wanaochanganya teknolojia hii na uhalisia pepe. Katika uhalisia pepe mtu huvaa miwani inayofunika macho kabisa, akawa kana kwamba amehamia mahali pengine. Katika uhalisia ulioongezwa mtu hubaki darasani, humwona mwalimu na wenzake, ila juu ya vitu halisi huongezwa picha, maandishi au sauti.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1968 mwanasayansi Ivan Sutherland alionyesha nchini Marekani chombo cha kuvaa kichwani kilichochora maumbo mepesi mbele ya macho. Kilikuwa kizito kiasi cha kuning'inizwa kutoka darini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Tom Caudell na David Mizell wa kampuni ya ndege ya Boeing ndio walioipa teknolojia hii jina lake la Kiingereza, walipotafuta njia ya kuwaelekeza mafundi wanaounganisha nyaya za ndege.

Kwa upande wa elimu, hatua kubwa ilikuja mwaka 2001, Mark Billinghurst, Hirokazu Kato na Ivan Poupyrev walipoeleza kazi yao ya MagicBook, kitabu cha kawaida ambacho picha zake zilisimama juu ya kurasa. Mwaka 2017 kampuni za Apple na Google zilitangaza nyenzo za kutengenezea programu za aina hii kwa simu, na tangu hapo hapakuwa tena na ulazima wa kununua chombo maalumu.

Inavyofanya kazi

Kamera hupiga picha mfululizo, mara nyingi kwa kila sekunde. Programu hutafuta katika kila picha alama inazozitambua, kama vile kona za meza au mchoro wa rangi nyeusi na nyeupe uliochapishwa kwenye karatasi.

Wakati huo huo, vihisi vilivyomo ndani ya simu hupima jinsi mkono unavyoiinamisha na kuisogeza. Kutokana na taarifa hizo programu hukokotoa mahali simu ilipo, kisha huchora umbo mahali panapostahili. Hesabu hizo zikichelewa hata kidogo, umbo huyumba na mwanafunzi hupoteza imani nalo.

Masomo yanayonufaika

Faida kubwa hupatikana pale ambapo kitu kinachofundishwa kina urefu, upana na kimo, lakini kitabu kinalazimika kukilaza bapa.

Katika kemia, molekuli ya maji huandikwa kwa herufi na tarakimu tu, ilhali atomu zake mbili za haidrojeni zimeishika ile ya oksijeni kwa pembe ya takriban nyuzi 104.5. Pembe hiyo ndiyo inayosaidia kueleza tabia nyingi za maji. Mwanafunzi anayeweza kuizungusha molekuli mezani huiona pembe hiyo badala ya kuikariri.

Katika hisabati, programu ya GeoGebra, iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter wa Austria, humwezesha mwanafunzi kuweka piramidi au tufe juu ya dawati, kulikata na kuona umbo la mkato wake.

Jiografia ina mfano wa kusisimua zaidi, nao hauhitaji simu. Ni sanduku la mchanga lililobuniwa na Oliver Kreylos wa Chuo Kikuu cha California, Davis, na kujulikana sana kuanzia mwaka 2012. Kamera iliyo juu ya sanduku hupima kimo cha mchanga, na projekta humulika rangi na mistari ya kontua juu yake.

Mtoto akirundika mchanga, mistari husongamana na kilima huzaliwa; akichimba bonde, mistari hujipanga upya papo hapo. Akitandaza kiganja juu ya sanduku, mvua ya picha hunyesha na maji huteremka kufuata mabonde. Somo la ramani, ambalo wengi huliogopa, hueleweka kwa mikono.

Hata elimu ya mazingira haikuachwa nyuma. Mapema miaka ya 2000, watafiti wa chuo cha MIT walibuni mchezo ambamo wanafunzi walitembea uwanjani na kompyuta ndogo za mkononi zenye kutambua mahali, wakichunguza kemikali ya kubuni iliyodaiwa kuvuja ardhini. Muda ulikuwa mfupi, hivyo walilazimika kuamua wachimbe kisima wapi na wamhoji nani kwanza.

Kwa historia ya kwetu, si vigumu kufikiria mwanafunzi akisimama katika magofu ya Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani, na kuona katika kioo kuta zilizobomoka zikiwa zimesimama tena. Lakini kazi hiyo humtaka mwanahistoria kabla ya fundi wa kompyuta, kwani ukuta uliokisiwa vibaya huonekana wa kweli sawasawa na ule wa kweli.

Tahadhari

Si kila somo linahitaji uhalisia ulioongezwa. Shairi halihitaji kuelea hewani ili lieleweke. Aidha, utafiti uliochapishwa na Matt Dunleavy, Chris Dede na Rebecca Mitchell mwaka 2009 ulionyesha kuwa wanafunzi walivutiwa sana, lakini baadhi walilemewa na wingi wa mambo ya kufanya kwa wakati mmoja.

Gharama nayo ina funzo lake. Miwani ya HoloLens 2 ya kampuni ya Microsoft, iliyouzwa kwa dola 3,500 za Marekani, iliacha kutengenezwa mwaka 2024. Huduma ya Expeditions ya Google, iliyopendwa na walimu wengi, ilifungwa mwaka 2021. Shule iliyojenga ratiba yake yote juu ya huduma moja hujikuta imebaki na vyombo visivyo na kazi.

Nchini Tanzania, vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu. Kishikwambi kimoja mbele ya darasa lililojaa hakiwezi kumpa kila mtoto nafasi, lakini kikiunganishwa na projekta, au wanafunzi wakipokezana kwa vikundi, kinaweza kuonyesha kile ambacho chaki haiwezi.

Lugha ni kikwazo kingine. Maelezo ya programu nyingi yameandikwa kwa Kiingereza, wakati mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali nchini humo hufundishwa kwa Kiswahili. Moyo utadunda mbele yake, lakini majina ya sehemu zake yatabaki kuwa fumbo iwapo mwalimu hatayatafsiri.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, kamati ya shule iulize mambo manne: programu inafanya kazi bila intaneti? Inakubali simu za bei nafuu? Inalingana na mtaala? Na mwalimu amepewa muda wa kuizoea?

Teknolojia hii haiwezi kuchukua nafasi ya maabara. Mwanafunzi aliyeona asidi ikibadili rangi katika kioo cha simu bado hajashika chupa, hajanusa wala hajajifunza kujihadhari. Kuitumia kama kisingizio cha kutojenga maabara itakuwa kuwadhulumu watoto. Kuitumia kuwaandaa kabla hawajaingia humo ni kuwatendea haki.