Richard Wagner: Neno na Sauti katika Opera

Richard Wagner (1813–1883), mzaliwa wa Leipzig, ni miongoni mwa watungaji wachache wa opera waliojiandikia maneno ya kazi zao wenyewe. Desturi ilikuwa mshairi aandike, kisha mwanamuziki atie sauti. Wagner aliikataa desturi hiyo, na sababu alizozitoa zahusu lugha sawasawa na muziki.

Mwaka 1843 aliwekwa kuongoza muziki katika baraza la mfalme wa Saxony mjini Dresden. Alijiingiza katika maasi ya Mei 1849, na yaliposhindwa akakimbilia Uswisi. Huko, kwa miaka michache, aliandika zaidi kuliko alivyotunga. Kitabu kikubwa cha wakati huo ni Oper und Drama, alichokimaliza mwaka 1851.

Hoja yake ni hii. Katika Kijerumani mkazo huangukia shina la neno, ambalo aghalabu huwa mwanzoni, na silabi za mwisho hutamkwa kwa udhaifu. Basi kina cha mwisho hupamba sehemu isiyo na uzito, hali maana imekwisha kupita. (Msomaji wa mashairi ya Kiswahili, ambayo mkazo wa maneno yake hukaa karibu na mwisho, ataona mara moja kwamba hii si sheria ya lugha zote.) Wagner aliurudia mtindo wa kale wa Wajerumani, Stabreim, ambao huyafunga maneno yenye mkazo kwa sauti yao ya kwanza. Lust na Leid, yaani furaha na huzuni, hupingana kwa maana lakini huanza kwa sauti moja. Sikio huyaunganisha, nao muziki, kwa kuhamisha msingi wa sauti zake, huonyesha jinsi moyo utokavyo katika hali moja ukaingia katika nyingine.

Kwa mtindo huo aliandika maneno ya Der Ring des Nibelungen, tamthilia nne zichukuazo muda wa saa 15 hivi. Alianza mwaka 1848 na kifo cha Siegfried, akaona kisa chahitaji utangulizi, na utangulizi huo nao wataka utangulizi wake, hata akayamaliza maneno mwaka 1852 kwa kwenda kinyumenyume. Muziki ulikamilika mwaka 1874. Zote nne zilionyeshwa pamoja mara ya kwanza mjini Bayreuth, Agosti 1876, katika jumba lililojengwa kwa matakwa yake, ambalo okestra yake imefichwa shimoni mbele na chini ya jukwaa, ili isiyafunike maneno ya waimbaji. Vifungu vifupi vya sauti virudivyo pamoja na mtu, kitu au wazo vimejulikana kwa jina la Leitmotiv. Jina hilo lilienezwa na Hans von Wolzogen, si na Wagner.

Nadharia haikubaki ilivyokuwa. Mwaka 1854 Wagner alimsoma Schopenhauer, mwanafalsafa aliyeuweka muziki juu ya sanaa zote. Katika Tristan und Isolde, iliyoonyeshwa mwaka 1865, vina vya mwisho vimerudi, na mengi yasiyosemwa na waimbaji husemwa na okestra.

Hoja ya lugha, hata hivyo, ilikuwa na tawi jingine lenye sumu. Mwaka 1850, kwa jina la kubuni, alitoa makala ya kuwashambulia Wayahudi katika muziki, akaitoa tena mwaka 1869 kwa jina lake. Alidai kwamba Myahudi huzinena lugha za Ulaya kama mgeni tu, hivyo hawezi kutunga ushairi wala muziki wa kweli ndani yake. Dai hilo lilikanushwa na mambo aliyoyajua mwenyewe. Kisa cha opera yake Der fliegende Holländer, ya mwaka 1843, alikipata kwa Heinrich Heine, Myahudi kwa kuzaliwa na bingwa wa ushairi wa Kijerumani. Tena Meyerbeer, Myahudi aliyechukizwa naye kuliko wengi, ndiye aliyemsaidia opera yake Rienzi ipokewe Dresden. Na Parsifal, kazi yake ya mwisho, ilipoonyeshwa mwaka 1882, okestra iliongozwa na Hermann Levi, mwana wa rabi, ambaye Wagner alikuwa amemshurutisha abatizwe, naye hakubatizwa.