Manono: Kubadilisha pointi kwenye kompyuta ya shule kunaweza kumfikisha mwanafunzi gerezani

Shule ikipata kompyuta yake ya kwanza, mara nyingi inawekwa katika ofisi ya prefe. Humo ndimo zinaingizwa pointi za mitihani, majina ya waliolipa pesa za shule na buletini za mwisho wa mwaka. Mwanafunzi akiitwa kusaidia kuandika, siku mbili hazipiti ataijua neno la siri. Kutoka hapo hadi kugeuza 45 kuwa 55 ni kazi ya dakika moja.

Kwa wanafunzi wengi, na hata kwa wazazi, huo ni utundu tu. Adhabu wanayoiogopa ni kufukuzwa shule. Sheria inaona vingine.

Tangu tarehe 13 Machi 2023, Kongo ina Code du numérique, sheria-amri namba 23/010 iliyotiwa sahihi na Rais Félix Tshisekedi. Mtu anayeingia kwa makusudi, bila haki na kwa nia ya udanganyifu, ndani ya mfumo wa kompyuta anaweza kufungwa miaka 3 hadi 5, pamoja na faini ya faranga za Kongo milioni 50 hadi 100, au adhabu moja kati ya hizo mbili. Sheria haisemi kama kompyuta ni ya benki ao ya shule. Kifungu cha 360 kinamgusa anayesambaza habari za uongo juu ya mtu kwenye mitandao ya kijamii: mwezi 1 hadi 6 gerezani, na faini inayoweza kufika faranga milioni 1. Mwanafunzi anayemzushia mwalimu wake kashfa kwenye WhatsApp afikirie hapo.

Sheria hii haikubaki kwenye makaratasi. Mwandishi wa habari Stanis Bujakera, aliyekamatwa Kinshasa mwezi wa Septemba 2023, alikaa gereza la Makala miezi sita, na Code hiyo ilikuwa kati ya sheria zilizotumiwa kumshitaki.

Je, mtoto naye? Hapa sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto ndiyo inatangulia. Aliye chini ya miaka 14 hawezi kuhukumiwa kwa kosa la jinai. Kati ya miaka 14 na 18, anapelekwa mbele ya mahakama ya watoto, na hakimu anaweza kumkaripia na kumrudisha kwa wazazi, kumkabidhi kwa familia yenye mwenendo mzuri ao kumweka katika kituo cha malezi.

Lakini miaka 18 ikitimia, kinga hiyo inaisha, hata kama mtu bado anavaa bleu-blanc. Na Manono si mahali ambapo kila mtu anamaliza sekondari kwa wakati. Mapigano ya Watwa na Waluba, yaliyopamba moto 2016 na 2017, yaliharibu shule na kutawanya familia katika teritwari. Watoto waliopoteza mwaka mmoja, miwili ao zaidi porini na katika kambi za wakimbizi, leo wanaweza kukaa darasa la finalisti wakiwa na miaka 20. Kwa hakimu, hao ni watu wazima. Wawili wakikaa dawati moja na kufanya kosa moja, mmoja anaweza kurudi nyumbani na baba yake, mwingine akabaki gerezani.

Tena kuna suala la malipo. Kifungu cha 260 cha Code civil, kitabu cha tatu, kinawatwika wazazi hasara inayoletwa na watoto wanaoishi nao. Kompyuta ikiharibika, bili inaweza kuja nyumbani. Kifungu hicho hakimwachi mwalimu: naye anajibu kwa yale wanafunzi wanafanya wakiwa chini ya ulinzi wake, isipokuwa aonyeshe kwamba hakuweza kuyazuia. Prefe anayeandika neno la siri kwenye kikaratasi na kukibandika kwenye skrini atapata taabu kuonyesha hilo.